Kopo la biskuti na florini ya 1932: kisa cha mtu aliyenunua silva ya zamani ya Australia

Kabla ya kisa chenyewe

Jina la mhusika nimebadilisha, mji nimeuficha, na wauzaji wote nimewaacha bila majina. Mwenyewe karuhusu kisa kiandikwe ila kasema usinianike, mashemeji zangu wanasoma hivi vitu. Basi tumwite Hamisi. Ni mtu wa pwani ya Tanzania, yuko Australia miaka mingi, anaendesha folklifti kwenye ghala moja jimbo la Victoria. Hesabu anaziweza na kupatana bei anajua kuliko mimi, na hilo la pili limemponza mara moja na kumwokoa mara moja, mtaona mbele.

Kwanza sarafu zenyewe, maana bila hapa kisa hakieleweki. Australia ilianza kutoa silva yake (sarafu za madini ya fedha) mwaka 1910, aina nne: florini (yaani shilingi 2), shilingi, sikspensi (peni 6) na thripensi (peni 3). Za mwanzo zilipigwa London zikiwa na sura ya mfalme Edward VII, naye akafariki mwaka huohuo, kwa hiyo silva ya Australia yenye sura yake ni ya 1910 peke yake. Kufikia 1916 Melbourne ikaanza kupiga silva nyumbani, na za mwaka huo zina kaherufi M chini ya mwaka. Kiwango kilikuwa asilimia 92.5 ya silva mpaka vita vya pili vinaisha. Kuanzia sarafu zenye mwaka 1946 wakashusha mpaka asilimia 50, zilizobaki ni shaba, zinki na nikeli. Thripensi yenyewe haikupigwa 1945 wala 1946, kwa hiyo kwake mpaka uko kati ya 1944 na 1947. Halafu tarehe 14 Februari 1966 nchi ikahamia dola na senti: pauni moja ikawa dola 2, florini senti 20, shilingi senti 10, sikspensi senti 5, na thripensi ikakosa mwenzake. (Waziri mkuu Menzies alitaka pesa mpya iitwe royal, watu wakaicheka mpaka serikali ikarudi kwenye dola. Mimi naona waliokoka.)

Uzito: florini gramu 11.31, shilingi 5.65, sikspensi 2.83 hivi, thripensi 1.41. Maana yake florini ya 1945 kurudi nyuma ina silva karibu gramu 10.5 na florini ya 1946 kuja mbele ina gramu 5.65 tu, na ukizishika mkononi huku umefumba macho hutojua ipi ni ipi. Uzito uleule, upana uleule wa milimita 28.5. Kinachotofautisha ni mwaka ulioandikwa.

Sisi tuliokulia na neno shilingi tunadhani tunaijua hii habari, lakini shilingi ya kule ilikuwa na peni 12 wakati ile yetu ya bodi ya sarafu ya Afrika Mashariki, yenye simba na milima, ilikuwa na senti 100 toka 1921. Na wale mnaonitumia picha za shilingi za bibi mkiuliza kama ni silva: ndiyo, za 1921 mpaka 1946 zina silva asilimia 25, gramu 7.78 kwa ujumla, silva safi haifiki hata gramu 2. Za 1948 kuja mbele hakuna kitu. Turudi kwa Hamisi.

Kilichotokea

Ilikuwa 2023. Kuna mzee wa Kizungu alifariki mtaa wa jirani, watoto wake wakawa wanauza vitu vya nyumbani, na kwenye meza ya gareji kulikuwa na kopo kubwa la bati la biskuti limejaa sarafu. Peni za shaba, silva za kila aina, sarafu chache za nchi nyingine. Bei waliyoandika ilikuwa dola 1,000. Hamisi alikuwa ameshasikia kazini kwamba silva za zamani zina thamani kuliko zilivyoandikwa usoni, akatoa mizani ya kupimia mizigo ya ndege iliyokuwa kwenye gari (kweli kabisa), akatenganisha silva na shaba kwa macho, akapima: kilo 1.6 ya silva.

Akapiga hesabu palepale kwenye simu. Kilo 1.6 mara asilimia 92.5 ni gramu 1,480, gawanya kwa gramu 31.1 za aunsi moja unapata aunsi 47.6, na aunsi siku hizo ilikuwa inacheza kwenye dola 35 za Australia. Jumla dola 1,665. Akapatana nao mpaka 900 taslimu, akaondoka na kopo lake akiimba.

Nyumbani akalimwaga mezani. Watoto wakafurahi, mama watoto akauliza hiyo pesa ya nini, na Hamisi akaona sarafu nyingi ni nyeusi. Akaenda mtandaoni akajifunza ile njia ya maji ya moto, bekinsoda na karatasi ya foili. Zikatoka zinang'aa. Ambazo hazikung'aa vizuri akazisugua kwa dawa ile ya vijiko vya silva. Kama unakusanya sarafu najua hapo umefumba macho.

Siku chache baadaye ndipo akanitumia picha WhatsApp. "Kaka, angalia mali hii, yote silva, nimeshaisafisha." Kwenye picha ya tatu nikaona shilingi ya 1921 yenye kinyota juu ya mwaka. Zilipigwa 522,000 tu, ni mojawapo ya shilingi ngumu kupata katika mfululizo wote wa mfalme George V, na hii ilikuwa imemetameta kama kijiko cha harusi. Nikamuuliza ilikuwaje kabla hujaisugua. Akasema ilikuwa nyeusi nyeusi ya bluu hivi, chafu. Hiyo bluu ndiyo rangi ambayo mkusanyaji analipia.

Nikaenda kwake. Tukakaa mezani tukazipanga kwa mwaka, na hapo hesabu ya gareji ikabomoka. Za 92.5, kabla ya kiwango kushushwa: gramu 400. Za 50, baada ya kushushwa: gramu 1,200. Yaani silva safi ni gramu 370 jumlisha 600, aunsi 31.2, dola 1,092 kwa bei ya soko la dunia. Na hakuna mnunuzi anayekupa bei kamili ya soko, anakata chake, wa mtaani kwetu walikuwa wanalipa asilimia 85 hivi. Zidisha uone: 928. Faida ya dola 765 aliyoiona pale gareji ikawa dola 28, na petroli hajaweka.

Hakuchukia sana, nampa sifa hapo. Alinyamaza, akanywa chai, akasema "Basi sasa nifanye nini, kaka?"

Maamuzi aliyofanya, na kwa nini

Kuna uamuzi mmoja mdogo nauweka mwanzo kwa sababu ulikuwa mzuri na ulitokea kwa bahati. Ndani ya kopo kulikuwa na senti 50 sita za mviringo za 1966. Hamisi alikuwa ameziweka pembeni na pesa za kawaida, azipeleke benki, dola 3. Hoja yake ilikuwa na mantiki: hizi ni za dola na senti, hazimo kwenye silva za zamani. Kumbe ile senti 50 ya kwanza ilipigwa kwa silva asilimia 80, gramu 13.28, zilitoka milioni 36 na ushee na haraka sana silva iliyomo ikawa na thamani kuliko senti 50 zenyewe, serikali ikaacha kuzipiga, na ilipokuja senti 50 nyingine 1969 ikawa na pembe 12 na haina silva. Sita zake zilikuwa na silva ya dola 70 hivi. Mkewe ndiye aliyesema subiri kwanza tumuulize yule rafiki yako, mbona hizi za duara wakati za dukani zina pembe? Jicho la shemeji yangu lilishinda mizani.

Uamuzi mkubwa wa kwanza: kukusanya florini kwa mwaka. Alivutiwa na florini kwa sababu ni kubwa, na kwa kweli ni mfululizo unaopendeza: ngao na kangaruu na ndege emu, kisha zile za kumbukumbu, ya 1927 ya kufunguliwa jengo la bunge Canberra, ya 1951 ya miaka 50 ya shirikisho, ya 1954 ya ziara ya malkia. Inaanza 1910 inaishia 1963, na kuna miaka ambayo hazikupigwa kwa matumizi (1920, 1929, 1930, 1937, 1948 mpaka 1950, 1955), kwa hiyo si mzigo usiobebeka. Kopo lilikuwa tayari na karibu nusu ya miaka. Mimi nilimwambia wazo zuri, ila anza na za mfalme George VI na malkia Elizabeth, kuanzia 1938, maana nyingi ya hizo unazipata kwa bei karibu na silva yake na unajifunza kuangalia hali ya sarafu bila kuumia.

Uamuzi wa pili: kuuza asizozitaka ili apate mtaji. Akapeleka kwa mnunuzi wa vyuma vya thamani gramu 900, nyingi za asilimia 50, pamoja na kifuko chote cha thripensi. Kwa nini thripensi zote? Kwa sababu ni vidude vidogo, milimita 16, kusoma mwaka kunahitaji miwani, na yeye alikuwa anatoka shifti ya usiku. Akaona bora zihesabiwe zote kama asilimia 50 yaishe. Alipata dola 430.

Makopo ya Australia huwa na thripensi nyingi, kuna sababu. Familia zilikuwa zinazitia kwenye pudini ya Krismasi, atakayeuma sarafu ndiye mwenye bahati, na sarafu mpya za senti zilipokuja hazikufaa kupikwa, kwa hiyo watu wakabaki na thripensi zao za silva mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana nyingi zina mikwaruzo na rangi ya ajabu, zimechemshwa miaka 30. Lakini katikati ya hizo za pudini unaweza kukuta kitu.

Uamuzi wa tatu ndio uliozaa kisa. Kila mwenye kukusanya florini anajua ukuta uko 1932. Mdororo wa uchumi ulikuwa umebana, sarafu mpya hazikuhitajika, zikapigwa 188,000 tu. Hata ya 1933 ni ngumu, 488,000, lakini ya 1932 ndiyo inayowanyima watu usingizi. Hamisi akaiona mtandaoni kwa dola 380, ikiwa na hali nzuri kiasi, chini ya nusu ya bei ya ile aliyoiona dukani. Muuzaji binafsi, picha mbili. Akaniuliza, nikamwambia subiri, hiyo ndiyo ya mwisho kununua kwenye seti, siyo ya nne. Akasema ataipima. Na akaipima kweli ilipofika: gramu 11.2 kwenye mizani ndogo ya vito aliyonunua, sumaku haikushika, barafu ikayeyuka juu yake haraka kama inavyopasa kwenye silva. "Silva halisi kaka, nimeipitisha vipimo vyote." Alikuwa amemaliza.

Florini ya 1932 chini ya kioo

Alichokisema kilikuwa kweli. Ilikuwa silva, ilikuwa florini, ilipigwa kwenye mashine halali za serikali. Tatizo ni kwamba ilipigwa 1922.

Nilipoiweka chini ya kioo cha kukuzia mara kumi niliona tarakimu ya tatu ina uso tofauti na wenzake. Zile 1, 9 na 2 za mwisho zilikuwa zimechakaa sawasawa, kingo zimelainika kama uso wote wa sarafu, lakini ile 3 ilikuwa na ukingo mkali upande wa chini na uwanja (sehemu tupu ya uso wa sarafu) unaoizunguka ulikuwa na vijistari vidogo vya kukwanguliwa. Mtu alichukua 2, akaijaza na kuichonga ikawa 3. Florini za 1922 zilipigwa zaidi ya milioni 2, bei yake haiendi mbali sana na silva, kwa hiyo fundi huyo alianza na sarafu ya bei ya chakula cha mchana.

Tukampelekea muuza sarafu mzoefu wa mjini, mzee mpole, akaiangalia kwa sekunde chache akasema tarehe imeguswa. Akaandika maoni yake kwenye karatasi yenye jina la duka. Palepale Hamisi akamwonyesha na ile shilingi ya nyota, na mzee akatoa ofa ambayo ilikuwa kama theluthi ya anayolipa kwa ambayo haijasuguliwa. Akaongeza kwa upole kwamba asiisugue tena, rangi itarudi kidogokidogo, ila vijistari vya dawa havitoki.

Na thripensi? Hamisi alikuwa na tabia nzuri ya kupiga picha kila kitu kabla ya kuuza. Nikazipitia picha za kifuko nyumbani. Nyingi za 1942 mpaka 1944 zilikuwa na D au S, kwa sababu vita vilipokuwa Pasifiki na wanajeshi wa Marekani wamejaa Australia, sarafu hazikutosha, ikabidi zipigwe Denver na San Francisco. Thripensi za 1942 za Denver ni milioni 16, za San Francisco milioni 8. Za Melbourne mwaka huo, ambazo hazina herufi yoyote, ni 528,000. Picha moja ilikuwa na thripensi ya 1942 iliyokaa vizuri kwenye mwanga, na pale panapokaa herufi hapakuwa na herufi. Imeshauzwa kwa uzito, tena kwa hesabu ya asilimia 50 wakati yenyewe ni ya 92.5. Pengine imeshayeyushwa.

Matokeo

Pesa ya florini feki ilirudi, 380 kamili, posta ndiyo alilipa yeye. Ilichukua muda na ubishi, na hapa ndipo ule ujuzi wake wa kupatana ulipomsaidia: alilipa kwa njia yenye ulinzi wa mnunuzi, alikuwa na picha za bahasha, picha za sarafu, tangazo la muuzaji alilohifadhi likisema ni ya mwaka 1932, na karatasi ya yule mzee. Muuzaji alianza na "mimi nilinunua hivyohivyo", Hamisi hakumtukana wala hakumtisha, alirudia tu kwamba tangazo linasema 1932 na sarafu si ya 1932. Mpaka wakachoka.

Kwenye kopo lenyewe: alilipa 900, amepata 430, na amebaki na gramu 700 hivi ikiwemo karibu yote ya asilimia 92.5, senti 50 sita, na shilingi ya nyota inayong'aa. Kwa bei ya silva ya wakati ule hayupo kwenye hasara. Ukiweka kile ambacho angepata kama shilingi isingesuguliwa na thripensi isingeuzwa, yuko nyuma, na kwa kiasi kinachouma.

Seti ya florini inaendelea. Kuanzia 1938 hadi 1963 imekamilika na nzuri, kasoro zile za San Francisco ambazo anabishana nami kama ni lazima ziwemo (mimi nasema lazima, yeye anasema mwaka ni mwaka). Ya Melbourne ya 1934-35, yenye mpanda farasi na mwenge, ameinunua dukani ikiwa ndani ya kasha lililofungwa na kampuni ya ugredi (inayothibitisha sarafu na kuipangia daraja la hali yake), akalipa bei kamili bila kulalamika. Hiyo nayo ina kisa chake: ilipigwa kwa ajili ya miaka 100 ya jimbo na mji, ikauzwa kwa shilingi 3 wakati ni sarafu ya shilingi 2, katikati ya mdororo, watu wakaikataa. Kati ya 75,000 zilizopigwa, 21,000 zikarudishwa kuyeyushwa. Zimebaki 54,000.

Uchambuzi

Ukisikia kisa hivi juujuu utasema makosa yake ni matatu: kasugua, kauza bila kuangalia, kanunua feki. Mimi naona ni moja. Hamisi alikuwa anacheza michezo miwili, wa silva na wa sarafu, na kila mara alitumia sheria za mmoja kuamua jambo la mwingine.

Angalia. Mtu wa silva hajali rangi, kwake sarafu nyeusi na inayong'aa zinayeyuka sawa, kwa hiyo kusugua hakuna madhara. Kwa mtu wa silva hilo ni kweli kabisa, na robo tatu ya kopo lile lingesuguliwa lote bila kupoteza senti. Ila shilingi ya 1921 haikuwa ya mchezo huo. Thripensi vilevile: mtu wa silva hapotezi usiku kusoma tarehe za vidude vya gramu 1.41, muda wake ni ghali kuliko tofauti. Ila ndani ya kifuko kulikuwa na kitu cha mchezo wa pili. Na florini ya 1932 ndiyo mfano mtamu kuliko yote, maana vipimo vyote alivyovifanya vilikuwa sahihi na vilijibu kweli. Mizani, sumaku na barafu vinauliza swali moja, hii ni silva? Ikajibu ndiyo. Dola 380 hazikulipwa kwa ajili ya silva ya dola 12. Zililipwa kwa ajili ya tarakimu moja, na tarakimu haipimwi kwa barafu.

Watu wengi wakifundisha kuhusu feki wanaishia kwenye mizani. Inasaidia kwa zile feki za chuma cha hovyo, ambazo zipo tele, zinakuja na gramu 10 au na kingo zisizo na mistari inayoeleweka. Lakini kwa mwaka adimu wa silva ya zamani lazima uangalie namba kwanza: je tarakimu zote zimechakaa sawa? Uwanja kati ya namba ni uleule kama sehemu nyingine? Umbo la namba linafanana na la sarafu nyingine ya mwaka huohuo ambayo imeshathibitishwa? Halafu ukumbuke kwamba wauzaji wa florini ya 1932 wanajua bei yake. Anayekupa kwa nusu kuna kitu anajua ambacho wewe hujui, au hajui kitu kabisa na ameuziwa hivyohivyo naye. Kote kuwili wewe ndiye unayebaki nayo.

Kuhusu ile hesabu ya gareji, nina maoni tofauti na wengine niliowasimulia. Wao wanasema angekagua miaka kabla ya kulipa. Kwenye meza ya gareji na watu watatu nyuma yako wanasubiri kopo hilohilo hupati nafasi ya kusoma sarafu mia na kitu. Kinachowezekana ni kuchota konzi moja kutoka katikati ya kopo (juu huwa wanapanga zinazopendeza), usome florini na shilingi kumi, uone ngapi ni za 1945 kurudi nyuma. Zikiwa mbili au tatu, piga hesabu hivyo. Na ukikosa hata muda huo, hesabu zote kwa asilimia 50 halafu utoe cha mnunuzi. Hamisi angefanya hivyo angepata gramu 800, aunsi 25.7, dola 900 kabla ya makato, na angeshuka mpaka 750 au angeondoka. Alikuwa na uwezo wa kuwashusha, alishusha mia bila jasho. Alisimama kwa sababu hesabu yake ilimwambia tayari ameshinda.

Kilichofanya kazi, nikitaja kwa haki: picha. Kupiga picha kila sarafu pande zote mbili kabla haijaenda popote ndiko kulikorudisha 380, na ndiko kulikotuonyesha thripensi, japo kwa kuchelewa. Kuanza na miaka rahisi nako kulifanya kazi, kwa sababu alipofika kwa George V alikuwa ameshajifunza kuangalia taji la mfalme na kuhesabu lulu. Kwenye sura ile ya George V iliyochongwa na Mackennal, ukiona lulu zote 8 na almasi ya katikati imekamilika, hiyo haijatembea sana. Zikianza kufutika, bei inashuka na wewe unayo hoja ya kushusha. Hamisi sasa anahesabu lulu dukani kwa sauti, mwenye duka anacheka lakini anapunguza.

Jambo moja ambalo bado tunabishana ni uhifadhi. Ana albamu ya bei rahisi yenye mifuko ya plastiki laini inayonuka, ile yenye PVC, ambayo baada ya miaka huacha utando wa kijani unaonata kwenye silva. Nimemwambia ahamishie kwenye vifuko vya plastiki ngumu au vya kadi vyenye kidirisha. Anasema albamu inapendeza wageni wakija. Florini ya Melbourne iko salama ndani ya kasha lake, za George V tumezihamisha wiki iliyopita kwa nguvu ya mkewe, zilizobaki ni za asilimia 50 za miaka ya hamsini na sitini, na hapo kusema kweli sijisumbui kumpigia kelele, hizo akiziharibu anaziuza kwa kilo.

Nafasi ya 1932 iko wazi. Amepewa namba ya simu na yule mzee wa duka, ikija iliyochakaa lakini safi atapigiwa.